Uzito wa mwanasesere

Mwanasesere ninayemtengeneza sasa hapa Mikindani ana miguu isiyolingana rangi, na kosa ni langu, kwa kuwa nilimpaka tabaka la wekundu usiku chini ya taa ya manjano. Sanaa hii ya wanasesere wanaofanana na watoto wachanga, iliyoshika kasi Marekani katika miaka ya 1990, huanza na kichwa, mikono na miguu ya vinili tupu. Viungo hivyo hupakwa rangi nyepesi kama maji, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huokwa kwenye joto la takriban nyuzi 130 za Selsiasi ili rangi ishike.

Nywele ndizo zinazonichukua muda mrefu zaidi: singa laini za mbuzi wa Angora huchomekwa kwa sindano, moja moja, kwa kufuata mzunguko wa utosi. Wachongaji wa Kimakonde walilijua jambo hili zamani, kwani vinyago vyao vya mapiko, vinavyovaliwa kichwani katika ngoma, mara nyingi vilitiwa nywele halisi za binadamu.

Ndani ya mwili wa kitambaa natia sufi na shanga ndogo za kioo mpaka afikie kilo 3, na kichwa nakizidishia uzito ili kilegee mkono usipokishika. Bibi yangu alipompokea wa kwanza, alimweka begani akampigapiga mgongoni, kisha akaniagiza nisimrudishe sandukuni bila kumfunika kanga.