Jiwe la volkano gotini

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 11, na mama alikuwa ametukataza mara zisizohesabika kupanda chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, alikuwa akishusha viazi kutoka Kibumba. Siku hiyo aliniacha nikae juu ya magunia. Chukudu haina injini, mteremko ndio unaoikimbiza, na breki yake ni kipande cha tairi unachokikanyaga kikaminya gurudumu la nyuma. Kipande kile kilichomoka tulipokuwa tunaingia mtaani kwetu.

Kuanguka kwenyewe hakukuchukua muda mrefu kuliko kupiga chafya. Nilikwaruza kwa ubavu juu ya lava iliyoganda ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002, ambayo miaka miwili ya kukanyagwa haikuwa imeitoa makali.

Ninachokumbuka vizuri ni mkono. Niliutazama kabla sijalia. Hapakuwa na damu. Ngozi ilikuwa imechubuka toka kiwiko hadi karibu na kiganja, na chini yake weupe kama wa muhogo uliomenywa. Halafu, macho yangu yakiwa palepale, vikachomoza vitone vyekundu, kimoja kimoja, vikajipanga kama jasho. Tabaka la juu la ngozi halina mshipa wa damu hata mmoja. Lava ilikuwa imelivua na kugusa ncha tu za vimishipa vya tabaka la chini, na kila ncha ikatoa tone lake. Gotini hapakuwa na vitone. Gotini palichimbika, damu ikatiririka mpaka kwenye kandambili.

Jirani mmoja alishakuja na majivu kwenye sahani. Namshukuru mama kwa kunibeba haraka hadi kituo cha afya, ingawa wakati ule nilimwona msaliti, maana muganga (kwetu hata muuguzi ni muganga) alichukua sabuni na brashi akaanza kunisugua bila sindano ya ganzi. Changarawe nyeusi zikawa zinaangukia beseni. Zilikuwa na mlio.

“Vumilia, papa,” akaniambia. “Hii mawe nikiiacha ndani, utazeeka nayo.”

Akanidunga ya pepopunda, akafunika vidonda kwa shashi yenye vaselini. Mama hakupenda. Kwake kidonda kilipaswa kupigwa upepo kikauke, kifanye kigaga. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba mwaka 1962 Mwingereza George Winter alikwisha kuonyesha kwa majaribio ya nguruwe kuwa kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu hufunga upesi kuliko kilichoachwa wazi.

Shashi ya mwisho ilipotoka, mkono ulikuwa na rangi ya ndani ya mdomo, na juu yake vidoa vyeusi tele. Mama akaguna.

“Muganga, mutoto atabaki na madoa kama chui?”

“Hapana, mama. Angalia muzuri. Kila doa iko na laika yake.”

Tukainama wote watatu. Kweli, katikati ya kila kidoa kulikuwa na unywele mmoja mwembamba. Akatueleza kwamba shina la laika huzama chini, mahali ambapo jiwe halikufika, na humo mnabaki chembe hai za ngozi. Zinapanda, zinatambaa pembeni mpaka zikutane na jirani zao, na rangi nayo inapandia njia hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimedhani kidonda hufunga kuanzia kingoni tu, kama mtu anavyovuta blanketi. Nikafikiria uwanja wetu wa mpira, ambako majani yalikuwa yanachungulia kwenye nyufa za lava.

Mkono ulizidi kuwa mweusi kuliko mwili, ukakaa hivyo karibu mwaka mzima, kisha ukasahau. Goti halikusahau. Huko mashina yenyewe yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo kovu ni laini, linang'aa, halina laika, na hata nikicheza mpira juani jasho linatoka kulizunguka. Chembe moja iliiponyoka brashi. Ni jiwe jeusi, lakini kwa kuwa limefunikwa na ngozi linaonekana la buluu, kama chale ya wino.

Yaya siku hizi anaendesha pikipiki. Mpaka leo anaapa kwamba ile breki ilikuwa nzima.