Siku moja maishani mwangu: nipo Tanga, nashinda na simu ila mimi sio fundi simu

Nianze na hili kabisa, simu sitengenezi. Kioo sibadilishi, tundu la chaji silijui, na simu ya shemeji yako aliyosahau patani siwezi kuifungua. Kazi yangu ni kuchukua intapreta ya lugha ya programu, yaani kile kinachosoma maelekezo uliyoandika (ndiyo kodi) na kuyatekeleza, iliyozoea kompyuta na kuihamishia kwenye Android, ili mtu aandike kodi na kuirun humohumo kwenye simu. Hapa Ngamiani nimeeleza mpaka mdomo umekauka, watu wakiona laptop na simu tano mezani wanajua fundi huyo.

Saa 11 alfajiri naamka, naswali, nashusha mafaili ya kazi kabla bando la usiku halijaisha. Saa 2 chai, mahamri na mbaazi, nimeshakaa.

Kazi ya sasa hivi ni lugha ya programu inaitwa Lua. Mteja wangu ni mwalimu mwenye kituo cha tuition Makorora, watoto wake hawana kompyuta ila simu ya nyumbani ipo. Lua ilianzia Brazil 1993, chuo cha PUC-Rio, intapreta yake imeandikwa kwa lugha ya C tupu na ni ndogo sana. Python, lugha nyingine, nayo inaipa Android sapoti rasmi kuanzia toleo la 3.13 la 2024, lakini kwa simu iliyojaa video za WhatsApp mpaka inalia haina nafasi, mi nachagua Lua bila kufikiria mara mbili.

Sasa watu wa kompyuta wenyewe huwa wananiambia aah, C si inakubali popote. Inakubali kukompaili, yaani kugeuzwa iwe lugha ya mashine, ndiyo. Kufanya kazi ni habari nyingine. Android chini ni kernel (kiini cha mfumo) ya Linux lakini maktaba yake ya C, zile kazi za msingi ambazo programu za C zinazitegemea, ni nyingine, inaitwa Bionic, na app inafungiwa kwenye chumba chake. Chukua print tu, amri ya kuandika maneno, kwenye kompyuta maneno yanatoka, kwenye app ya Android yanaenda /dev/null, yaani yanatupwa, programu imerun vizuri kabisa na skrini nyeupe. Wiki iliyopita nzima nilikuwa naweka paipu ya kuyadaka hayo maneno na kuyaleta mbele ya mtoto.

Saa 4 mwalimu huyo hapo anapiga.

"App yako haiingii."

"Shikamoo mwalimu. Inaandika nini?"

"Marahaba. Inaandika haiingii."

Naomba picha ya skrini. Inakuja picha iliyopigwa kwa simu nyingine, nusu ni dole gumba, lakini nasoma: app haijasakinishwa. Namuuliza simu gani, ananijibu simu nzuri tu nimenunua Dar. Namwambia sikatai uzuri, niletee niione. Basi nikakatiwa simu, nikatumiwa voisi ndefu kwamba kijana mmoja kamwambia hiyo app ina virusi, halafu nyingine kwamba mwenye kituo kingine kapata app ya bure, halafu kimya, halafu saa 6 mtu mzima yupo mlangoni na baiskeli yake anatoka jasho, na nyuma yake mama mmoja na simu iliyoingia maji, anasema "mwanangu nisaidie tu na mimi haraka". Mama nikamuelekeza kwa fundi wa kweli duka la tatu. Kaniangalia kama namnyima.

Nikachomeka simu ya mwalimu kwenye kebo, nikaiuliza prosesa yake, ikajibu armeabi-v7a. Yaani biti 32, na app ya biti 64 peke yake haiingii humo. Na mwalimu huyuhuyu alinihakikishia kwa meseji, ninayo, kwamba simu zote za wanafunzi ni mpya, nikamtengenezea ya biti 64 peke yake ili faili liwe dogo. Google Play inalazimisha biti 64 tangu Agosti 2019 lakini haijakataza kuweka na 32 pembeni. Nikamuonyesha meseji yake. Akasema "mpya kwangu mimi."

Nakompaili zote mbili, umeme huo ukaenda. Laptop yangu betri lake ni pambo. Tukakaa tunapepea na mwalimu haondoki, ananihadithia bei ya madaftari.

Umeme umerudi jua limeshageuka, app ikaingia, mwalimu akafurahi dakika mbili hivi, akafungua zoezi lake la kitabuni linaloandika majibu kwenye faili la muda, likafa. Hapo ndo siku yangu ilipoishia kusema kweli. Lua ukiijenga kwa mtindo wa Linux, os.tmpname, amri ya kutoa jina la faili la muda, inatafuta folda ya /tmp, na Android haina /tmp, kwa hiyo inalalamika haiwezi kupata jina la faili. Kubandika anuani nyingine wakati wa kukompaili haisaidii, folda ya muda ya app unaipata app ikishawaka, anayeijua ni upande wa Kotlin, lugha ya kuandikia app za Android, inabidi Kotlin aichukue kwa amri ya getCacheDir aivushe mpaka kwenye C, na iwe imefika kabla zoezi la kwanza halijaanza. Ukiisikia ni rahisi. Mimi nimeingia humo kwenye loslib.c, faili la Lua lenye amri hiyo, watu wanatoka kuswali Magharibi, nimetoka wauza chipsi wanafunga, mgongo unawaka, chakula cha mchana nimekula sijui saa ngapi.

Imekubali, kwenye simu ileile ya biti 32. Kiburi kidogo nilikuwa nacho pale, niruhusuni.

Nikamtumia mwalimu faili, nikamueleza nilichobadilisha. Kajibu hapohapo, kumbe hajalala: "Kumbe ni mistari michache tu! Basi si utanipunguzia bei."

Nimemtumia invoisi ileile, na namba ya kulipia.