Mguu mmoja tu ndio uliovimba, na sikukubali kuchuliwa

Kila aliyeuona mguu wangu alikuwa na jibu lake. Mimba ndivyo zilivyo, miguu huvimba, iinue juu ya mto. Shangazi tayari alikuwa ameshika mafuta ya kuuchua. Nilimkatalia, na hadi leo nafurahi nilimkatalia, kwa sababu mimba huvimbisha miguu yote miwili. Wangu ulikuwa wa kushoto peke yake: suruali imekaza paja hilo, upande wa pili inapwaya, na shavu la mguu lina joto na linauma nikikanyaga.

Ultrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari alinieleza kuwa damu ya mjamzito huganda upesi zaidi, mwili ukijikinga na kutokwa damu nyingi siku ya kujifungua, na kwamba mguu wa kushoto ndio huathirika mara nyingi kwa sababu mshipa wake hubanwa na ateri inayoupita juu. Bonge likikatika huenda mapafuni. Ndiyo maana nawaka mtu akimshauri mjamzito achue mguu wa namna hiyo!

Nikaandikiwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, za kujichoma nyumbani, kwani heparini haivuki kondo kumfikia mtoto. Mume wangu alijitolea kunichoma. Masikini, kwa hofu alisukuma dawa yote kwa mkupuo, ikawaka kama pilipili na kuacha alama nyeusi. Nikaichukua kazi mwenyewe, na niliiweza vizuri. Siri ni spiriti ya kusafishia ngozi: iache ikauke kabisa, ikiwa mbichi inachoma kuliko sindano yenyewe. Kaa umeegemea nyuma, finya nyama ya ubavuni mwa tumbo, mbali na kitovu, ingiza sindano wima, sukuma polepole, na usiachie mpaka umeitoa. Kile kipovu cha hewa kwenye sindano iliyojazwa tayari dozi yako nzima, usikitoe. Usisugue. Kesho, ubavu mwingine.

Uchungu ulipoanza sikujichoma, nikapiga simu kwanza, maana ganzi ya mgongo inahitaji saa 24 tangu dozi kubwa ya mwisho ya heparini.

Nilipojifungua, mama mkwe akasema basi, sasa pumzika na dawa, zitaingia kwenye maziwa. Mkunga akamwambia kwa heshima kwamba heparini haimdhuru mtoto anayenyonya, na wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa kuliko mimba yenyewe. Niliendelea hadi daktari aliponiruhusu kuacha. Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, au ukikohoa damu, usingoje asubuhi, kimbia hospitali.

Mdogo wangu sasa ni mjamzito. Nimemwambia ataje habari yangu hudhurio la kwanza kabisa kliniki, kwa sababu kuwa na ndugu wa damu aliyepata tatizo hili kunahesabiwa.