Samaki Niliyemshika Mkia

Kwa watu wetu wa Ukerewe, mbalamwezi ni likizo. Dagaa hawaifuati karabai kama anga lote linawaka, kwa hiyo mitumbwi hubaki mwaloni na wanaume hushona nyavu huku wakibishana. Mzee mmoja mzungu niliyekuwa nikifanya naye kazi ghalani, jimboni Minnesota, Marekani, alikuwa na hesabu nyingine kabisa. Mwezi ukikaribia kujaa, ndipo alipoomba ruhusa. Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba 2018 alinipitia alfajiri, boti inavutwa nyuma ya gari, tukashika njia ya kaskazini kama kilomita 160 kutoka Minneapolis hadi ziwa Mille Lacs.

Tulimfuata maski. Waojibwe, wenyeji wa nchi ile, humwita maashkinoozhe, na jina linalotumiwa na wazungu limechipuka humo. Ni samaki mrefu, mdomo bapa kama wa bata, lakini bata huyo ana meno ya mamba. Wavuvi wake husema anapatikana mara moja katika mirusho elfu kumi. Mimi nilikuwa kwenye msimu wa tatu na sijapata hata mmoja. Baba alikuwa akinipigia simu na kuuliza, "Mmetega migonzo mingapi?" yaani zile kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Nikimjibu kwamba nina fimbo moja ya kuvulia, tena chambo chenyewe ni manyoya na vibati viwili vinavyozunguka, alicheka mpaka akakohoa.

Kutwa nzima hatukuona kitu. Nilirusha, nikavuta, nikarusha, mabega yakawaka moto. Kila chambo kilipofika ubavuni mwa boti, mzee alinikumbusha, "Nane!" Maana yake niizamishe ncha ya fimbo majini na kuandika namba nane, kwa sababu maski ana tabia ya kukifuata chambo kimyakimya hadi kwenye boti na kuamua hapo mwishoni kabisa. Nilishaandika nane nyingi kuliko mtoto wa chekechea.

Jua lilikuwa linazama, mwezi umeshatoka upande wa pili. Kwenye nane mojawapo, ambayo niliiandika kwa uvivu, maji yakafunguka. Sikuona samaki, niliona weupe wa ndani ya kinywa. Fimbo ikapinda hadi ikagonga boti. Sijui ilichukua dakika tatu au kumi, nakumbuka tu mzee akisema polepole, kama anayembembeleza ng'ombe, "Usimlegezee. Usimlegezee." Kisha akamchota kwa wavu wake mkubwa wa mkono.

Mimi nilishaanza kutafuta rungu kwa macho. Ndivyo nilivyolelewa: sangara akifika ubavuni anapigwa kichwani, anaingia mtumbwini, hadithi imekwisha. Mzee hakumwinua. Alimwacha ndani ya wavu, wavu ndani ya maji, akachukua mkasi wa kukatia chuma na kuzikata ndoana vipandevipande ili asihangaike kuzing'oa. Akaelesha rula juu ya maji, akailaza kando ya samaki. Inchi 55. Karibu sentimita 140.

Tangu 2015, sheria ya Minnesota inataka maski wa maziwa ya ndani ya jimbo asiyefika inchi 54 arudishwe majini. Mzee alikuwa amevua kwa zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kumuua hata mmoja. Ukutani kwake ametundika samaki wa plastiki aliyetengenezwa kwa vipimo tu, urefu na unene. Lakini alinitazama akasema, "Ni halali. Ni wako. Amua."

Kichwa changu kilikwenda nyumbani. Huko, kwa miaka mingi, sangara tuliimbiwa sentimita 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Huku mkubwa ndiye pekee unayeruhusiwa kumchukua, halafu kila mtu anakutazama uone aibu kumchukua. Niliwaza friza yangu. Niliwaza jamaa zangu wa Brooklyn Park, kando ya Minneapolis, ambao wasingeamini hadi waone kichwa mezani. Ni kweli idara ya afya ya jimbo inawashauri wajawazito na watoto wasimle maski kabisa, kwa ajili ya zebaki, lakini sitasingizia zebaki. Katika mtumbwi wa Baba, samaki aliyekwishaingia ni riziki, na riziki hairushwi majini. Mama angeita kufuru.

Nikasema, "Tumwachie."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Hapana. Nilimwonea aibu mzee.

Tulimwinua mara moja, sekunde chache, picha ikapigwa. Alikuwa mzito kama mtoto aliyelala. Kisha nikapewa kazi ambayo sikuwahi kuifanya maishani: kulala kifudifudi ubavuni mwa boti, mkono mmoja umekaza shina la mkia, wa pili chini ya tumbo, na kungoja. Maji yalikuwa ya baridi hata vidole vikafa ganzi. Nilipolegeza kidogo, samaki akalala ubavu. Tumbo jeupe likageukia mwezi.

Hapo ndipo nilipoogopa. Akifa sasa, nimekosa vyote: sikumla, wala hayuko ziwani. Nilimsimamisha wima tena. Mashavu yalifunguka, yakafunga, yakakawia kufunguka. Mzee hakusema neno. Nikajikuta namwomba kwa Kikerewe, lugha ambayo nilikuwa sijaitumia kwa wiki nzima. Baada ya muda nilihisi mkia ukinisukuma kiganja, mara moja, kama mtu anayejaribu mlango. Mara ya pili ukanichomoka, ukanimwagia maji usoni, na kivuli kikazama.

Usiku wa manane nilimtumia Baba picha. Kwao ilikuwa saa mbili asubuhi. Akapiga papo hapo.

"Tumbo hilo, mwanangu. Huyo jike."

"Ndiyo, Baba."

"Mabondo mmeyatoa?"

Aliulizia vifuko vya hewa vya tumboni, ambavyo kwetu vya sangara huuzwa. Nikamweleza. Ilinichukua muda, kwa sababu kila sentensi niliyoitoa ilisikika vibaya zaidi kuliko iliyotangulia. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza hali ya hewa.

Hatukulizungumza tena mpaka Novemba 2021. Mwezi huo katika Mille Lacs hiyohiyo alivuliwa maski wa karibu pauni 56, akaivunja rekodi ya jimbo iliyokuwa imesimama tangu 1957. Wavuvi walikuwa wanataka kumwachia. Walihangaika naye majini kwa muda mrefu, akagoma kuogelea, ndipo wakamchukua. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaza ngumi ya mkono wa kulia bila kujua.

Nikamtafsiria Baba yote kwa simu, neno kwa neno: uzito, rekodi, baridi, jinsi walivyomshika mkia.

"Sawa," akasema. "Na nyama ilikwenda wapi?"