Fomu foo wamemaliza mtihani, waleteni kazini kabla hawajachagua kombi

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne ukiisha mwezi wa 11 naanza kupigiwa simu na wazazi, swali ni lilelile, fundi naomba ushauri, mtoto achukue kombi gani, yaani yale masomo matatu ya kusoma fomu faivu na siksi. Namuuliza mtoto mwenyewe anapenda nini, mzazi anasema hata hajui, nikipewa mtoto kwenye simu ananisalimia vizuri shikamoo fundi, halafu anasema daktari, au injinia, na nikiuliza injinia wa nini anakaa kimya. Simlaumu hata kidogo. Amezaliwa Dar, amekulia Dar, kila siku anapita na daladala mbele ya viwanda, maofisi, magereji, lakini hajawahi kuingia hata moja akaona watu wanafanya nini mle ndani toka asubuhi mpaka jioni, sasa huo uchaguzi anaufanya kwa kutumia nini?

Mimi ni fundi AC na mafriji, ofisi yangu iko Ilala Bungoni, na naandika haya kwa sababu hii miezi ya kusubiri inaniuma. Angalia kalenda yenyewe. Mtihani mwezi wa 11, matokeo mwezi wa kwanza, fomu faivu inaanza mwezi wa 7. Hapo katikati mtoto yuko nyumbani zaidi ya nusu mwaka. Wenye uwezo wanawapeleka prefomu, yale masomo ya kujiandaa na fomu faivu, wengine kozi ya kompyuta, na wengi wanabaki na simu tu. Na fomu ya selform, ile ya kuchagua kombi na shule au chuo, wameshaijaza shuleni kabla hata ya mtihani, matokeo yakitoka TAMISEMI wanafungua dirisha la kubadilisha machaguo, dirisha ambalo wengi wanalipita bila kugusa kitu maana hakuna jipya walilojifunza kuhusu kazi toka siku waliyojaza.

Na machaguo siku hizi ni mengi kweli. Zamani ukitaja PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL na nyingine chache umemaliza, lakini mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi, ndiyo hizo kombi, 49 zikafika 65. Ni jambo zuri, nalifurahia, ila mtoto wa miaka 17 akiwekewa 65 mezani na hajui kazi hata tatu kwa undani atachagua ya rafiki yake au ya baba yake.

Shule zinajitahidi, kuna walimu wa ushauri na unasihi, lakini mwalimu huyohuyo ana vipindi vyake vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha. Niliwahi kualikwa siku ya taaluma kwenye shule moja ya sekondari, siitaji, tukapanda jukwaani watu kama sita, kila mmoja dakika kumi, tukawaambia wasome kwa bidii wakapiga makofi tukaondoka. Hakuna mtoto aliyepata nafasi ya kuuliza mshahara unaanzia ngapi, au kazi ikikosekana unaishi vipi, na hayo ndiyo maswali yao kabisa, wakiwa na wewe wawili watatu ndani ya gari wanayauliza bila woga.

Ndiyo maana nikaanza kuwachukua wakae na sisi kazini, wiki chache tu, kwa makubaliano na wazazi. Nitoe mfano wa dogo mmoja, kajaza PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, kwa sababu nyumbani wanataka daktari. Siku hiyo tuko Upanga, mwezi wa kwanza, jua lile la Dar unalijua, mteja analalamika AC haipozi. Tumefika kwenye mashine ya nje dogo anaona lile bomba jembamba limeota barafu nyeupe, akaligusa akatoa mkono haraka, akaniuliza fundi juani hivi barafu inatoka wapi? Sikumjibu papo hapo, nikamwambia wewe umesoma fizikia, kimiminika kikigeuka mvuke kinafanya nini na joto? Akafikiri akasema kinalichukua. Nikafunga geji nikamwonyesha presha iko chini, gesi imepungua, na presha ikishuka gesi inachemka kwenye ubaridi mkali zaidi ya kawaida, unyevu wa hewani ukigusa bomba unaganda. Mteja anataka tuongeze gesi tuondoke, dogo naye alidhani kazi imeisha, nikamwambia gesi ya AC hailiki kama mafuta ya gari, ikipungua ujue imetoka sehemu. Tukachukua povu la sabuni tukapaka kwenye nati moja baada ya nyingine, ya pili ikaanza kutoa mapovu madogo madogo, dogo ndiye aliyeyaona kwanza. Uso wake ule siwezi kuuelezea. Miaka miwili amekariri ile mada kwa Kiingereza ili ajibu mtihani na siku ile ndiyo imemwingia.

Dirisha lilipofunguliwa alikaa na mama yake wakabadilisha akaweka PCM, hesabu badala ya baiolojia. Mama alikuja ofisini kwanza kuniuliza kama nimemshawishi, nikamwambia hapana mama, muulize mwenyewe, na dogo akamweleza kuhusu saketi bodi za AC kwa dakika nyingi mpaka mama akacheka.

Kuna binti mwingine alikuja na hakuvutiwa na ufundi hata kidogo, na kwangu hayo nayo ni mafanikio, bora aligundua kwa nauli ya daladala kuliko kugundua mwaka wa pili chuoni akiwa na mkopo wa bodi ya mikopo. Yeye alikaa na dada wa ofisini kwenye makotesheni, zile karatasi za makadirio ya bei tunazompa mteja, akaniuliza mbona hatutenganishi bei ya vifaa na bei ya ufundi, mteja atajuaje analipia nini? Akatupangia upya, na mpaka leo tunatumia mpangilio wake. Alienda ECA, uchumi, biashara na uhasibu.

Wazazi wakisikia hivi wanadhani lazima mtoto akae na mtu wa fani anayoitaka, sikubaliani. Mpeleke sehemu yoyote yenye kazi nyingi ndani yake. Hospitali mtoto anamjua daktari na nesi, hajui kuna anayehakikisha mashine za maabara zinafanya kazi, kuna wa stoo ya dawa, kuna wa kumbukumbu za wagonjwa. Treni ya SGR toka 2024 inakwenda mpaka Dodoma kwa umeme wa kilovolti 25, muulize mtoto nani anafanya kazi pale atakwambia dereva na wakata tiketi. Bandari ndiyo usiseme.

Sasa kwa wenzangu wenye ofisi, mafundi, wenye maduka, mawakala, wahasibu, hapa niwe mkali kidogo. Mtoto akija usimfanye saidia fundi wa bure. Kuna watu wakipata mwanafunzi wanamtuma chai na kufagia mpaka siku zinaisha, huo ni wizi wa muda wa mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na mwenye 14 ni kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Kwangu mwanafunzi hapandi juu ya paa, hagusi waya wenye umeme, hachomelei, hashiki mtungi wa gesi. Anaangalia, anashika spana tukiwa chini, anaandika, anauliza. Na nauli umpe, maana bila sare ya shule konda anamdai nauli ya mtu mzima.

Halafu lile neno la "ufundi ni wa waliofeli", jamani tuliache. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, wale walioingia fomu wani mwaka huo wanafika fomu foo 2027, wanakuja mtaani wakihitaji sehemu za kufanya mazoezi ya kweli na vyuo vya ufundi vya VETA peke yake haviwezi kuwabeba wote. Chang'ombe pale ni chuo kimoja, sisi tuko maelfu mtaani, na nusu yetu tulijifunza kwa kukaa karibu na mtu anayejua.

Mimi nawachukua wawili kwa wakati mmoja, sizidishi, nikizidisha siwaoni vizuri. Mwezi wa 6 shule zikifunga nafasi zipo, fomu three wanaweza kuja pia, wasichana karibuni sana. Mtoto aje na mzazi au mlezi siku ya kwanza, avae viatu vya kufunika, abebe daftari, na jioni kabla hajaondoka ananisomea maswali matatu aliyoandika siku hiyo. Chakula cha mchana na nauli juu yangu.