Kutoka Tabriz hadi Mto Aras

Barabara itokayo Tabriz, mji wa kaskazini-magharibi mwa Iran, hupita Marand, kisha huteremka kati ya milima mikavu yenye rangi ya matofali hadi Jolfa, penye Mto Aras, ambao leo hutenganisha Iran na Nakhchivan, sehemu ya Azerbaijan. Niliifuata njia hiyo kwa ajili ya Abbas Mirza, mwana wa Shah (mfalme) Fath-Ali na mrithi wa kiti chake cha enzi, aliyeitawala Tabriz na kupambana na Warusi katika vita viwili.

Kabla ya kuondoka mjini nilisimama chini ya Arg, masalia ya jengo la karne ya 14, ambalo zama za Abbas Mirza lilitumika kuhifadhia silaha. Kuta zake ni nene mno, na matofali yamelika kingoni. Jeshi jipya la Abbas Mirza lilifunzwa na Wafaransa, kwa kuwa katika mkataba wa Finckenstein wa Mei 1807 Napoleon alikuwa ameahidi kuisaidia Uajemi, yaani Iran ya zamani, kuirejesha Georgia. Miezi miwili baadaye alipatana na Urusi kule Tilsit, na ahadi ile ikawa maneno matupu. Waingereza wakaja kushika nafasi ya Wafaransa, lakini mwaka 1812 nao wakawa washirika wa Urusi dhidi ya Napoleon, wakawaondoa maofisa wao wengi. Oktoba mwaka huohuo Warusi wakalishambulia kwa ghafla jeshi la Abbas Mirza huko Aslanduz, kando ya Aras. Wako wanaosema alishindwa kwa uzembe wake tu, nami naona hawamtendei haki.

Mkataba wa Gulistan wa 1813 uliipa Urusi Georgia, Baku na Karabakh. Vita vya pili viliifikisha Urusi ndani ya Tabriz yenyewe, na mkataba wa Turkmenchay wa Februari 1828 ukaondoa Yerevan na Nakhchivan, ukadai fidia ya rubli milioni 20 za fedha, na kuinyima Uajemi haki ya kuwa na manowari katika Bahari ya Kaspi.

Kule Jolfa, mto si mpana. Dereva wangu, mzee mwenye kuzungumza Kituruki cha Azerbaijan, alipunguza mwendo karibu na minara ya walinzi, akaniomba nifiche kamera, kisha akanyoosha kidevu kuelekea nyumba za ng'ambo na kusema kwamba watu wa kule huongea lugha yake.

Magharibi ya mji, katika bonde lenye miti, ipo monasteri ya Kiarmenia ya Mtakatifu Stefano. Waumini wake wa Julfa ya kale walihamishwa kwa nguvu mwaka 1604 na Shah Abbas wa Kwanza, ili majeshi ya Waosmani yasikute chakula wala malazi. Wengi walikufa maji walipokuwa wakiuvuka Aras, na waliosalia wakajenga Julfa Mpya kando ya Isfahan. Kwa hiyo siwezi kuwahesabu watawala wa Uajemi kuwa waliodhulumiwa tu. Gharama ya mpaka huu ililipwa kwanza na raia wao wenyewe.

Baadaye nilielekea mashariki hadi Mashhad, alikofia Abbas Mirza mwaka 1833 akiwa katika vita vya upande ule. Mwanawe, Mohammad Shah, aliuzingira Herat, mji wa Afghanistan ya leo, mwaka 1837, Waingereza wakamlazimisha kuondoka mwaka uliofuata. Na kwa mkataba wa Paris wa 1857 Uajemi iliacha madai yake juu ya mji huo.