Nilivyouelewa uthibitisho wa perseptroni kwa penseli

Uthibitisho alioutoa mwanahisabati Novikoff mwaka 1962 ni mfupi. Nilishausoma na kuukubali mstari kwa mstari, ila ungeniuliza kwa nini perseptroni ya Rosenblatt, kanuni ya kompyuta ya kujifunza kutenganisha makundi mawili ya nukta kwa kujirekebisha kila inapokosea, lazima ifike mahali iache kukosea ikiwa makundi hayo yanatenganishika kwa mstari, ningebaki kukutajia fomula. Kompyuta haikunisaidia kitu. Inamaliza kazi kabla hujaona kilichotokea. Nikachukua daftari na nukta mbili tu: (2,1) ya kundi chanya na (1,3) ya kundi hasi.

Unaanza na uzito (0,0), yaani namba ambazo perseptroni huzirekebisha. Chukua nukta kwa zamu: zidisha uzito na nukta, namba kwa namba, kisha jumlisha. Alama ya jibu ikilingana na kundi, pita. Isipolingana, au jibu likiwa sifuri, ongeza nukta hiyo kwenye uzito kama ni chanya, itoe kama ni hasi. Uzito wangu ulikwenda hivi: (2,1), (1,−2), (3,−1), (2,−4), (4,−3). Hapo nukta zote mbili zikakaa upande wake. Makosa matano.

Pembeni nikaandika safu mbili. Ya kwanza ni uzito umesogea kiasi gani kuelekea (0.8, −0.6), mwelekeo unaozitenganisha nukta hizi kwa nafasi kubwa kuliko mwingine wowote: 1, 2, 3, 4, 5. Ya pili ni mraba wa urefu wa uzito: 5, 5, 10, 20, 25.

Siri yote imo kwenye safu ya pili. Mbona inapanda polepole? Kwa sababu tunarekebisha pale tu uzito unapokosea, yaani nukta inayoongezwa haiuelekei uzito uliopo. Kwa hiyo kila kosa haliwezi kuongeza zaidi ya 10, mraba wa urefu wa nukta iliyo mbali zaidi. Baada ya makosa k, uzito umesogea angalau k, na urefu wake hauzidi kipeuo cha 10k. Kusogea huko ni kivuli cha uzito kwenye ule mwelekeo, na kivuli cha mshale hakiushindi mshale kwa urefu, basi k haivuki 10.

Tazama kisichoonekana humo: idadi ya vipimo. Nukta zingekuwa na namba elfu moja kila moja, hesabu isingebadilika.

Ukijaribu mwenyewe, chagua nukta ambazo vipeuo vyake havikusumbui. Na usichukue zile nne za XOR (kanuni ya “moja au nyingine, si zote mbili”) walizozieleza Minsky na Papert mwaka 1969: hakuna mstari unaozitenganisha, kwa hiyo safu ya kwanza haina mwelekeo wa kupimia.